Kuanza kazi ya usimamizi wa miradi: cheti kwanza au mlezi kwanza?

Msaidizi wa Mradi, Shinyanga
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina shahada ya maendeleo ya jamii na kwa sasa ni msaidizi katika mradi wa maji vijijini. Naandaa mpango kazi wa kila mwezi, nawafuatilia mafundi wanaojenga vituo vya kuchotea maji, na kila robo mwaka nakusanya takwimu za taarifa ya mfadhili. Nataka kuwa meneja wa miradi mwenye sifa zinazotambulika. Wapo wanaonihimiza nijibane nilipie PMP, cheti cha kimataifa cha mameneja wa miradi, mara moja, na wapo wanaosema cheti bila mtu wa kukushika mkono hakikufikishi mbali. Nianzie wapi, na mlezi wa kitaaluma anapatikanaje bila mimi kuonekana naomba kazi?

Afisa Miradi, Dodoma
Ndugu, usilipe chochote kabla hujasoma masharti. PMI, taasisi inayotoa PMP na iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, inamtaka mwombaji wa PMP mwenye shahada awe na miezi 36 ya kuongoza miradi pamoja na saa 35 za mafunzo. Si lazima barua ya ajira ikuite meneja, kwani kinachoangaliwa ni kile ulichokiongoza: kupanga kazi na kuwasimamia mafundi kuna uzito, lakini kujaza takwimu katika fomu iliyoandaliwa na mwingine hakutakubeba. Ikiwa miezi haijatimia, ipo CAPM, cheti cha ngazi ya kuanzia cha taasisi hiyohiyo, ambacho hakidai uzoefu bali elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. Hata hivyo, kwa mtu aliye kwenye mradi wa maji vijijini ningependekeza Project DPro, cheti cha shirika la PM4NGOs, kwa kuwa kimetungwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo na utakachojifunza Jumamosi utakitumia Jumatatu.

Anza pia kuweka kumbukumbu za uzoefu wako: jina la mradi, tarehe, bajeti, ulichokiongoza na jina la msimamizi. Baadhi ya maombi ya PMP huchaguliwa kukaguliwa, na wakati huo ndipo watu huhangaika kumtafuta bosi wa zamani, aliyekwisha kuhamia nchi nyingine, ili awathibitishie.

Mratibu, Mwanza
Nizungumzie ulezi, kwa sababu ninaujali sana na ninaona unaombwa vibaya. Mtu mwenye shughuli nyingi akiambiwa "naomba uwe mlezi wangu" hajui anaombwa nini hasa. Mpelekee kazi. Chukua daftari lako la vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kukwamisha mradi, ambamo wengi wetu huandika "mvua kubwa" na kuishia hapo, kisha umwombe alisome. Mlezi wa kweli atakuuliza ni mvua za miezi ipi, zitafunga barabara ya kijiji gani, mabomba yanapaswa kuwa yamefika eneo la kazi kabla ya tarehe ipi, na nani mwenye dhamana ya kuyaagiza. Saa moja ya namna hiyo kila mwezi inatosha kabisa. Asiwe bosi wako wa moja kwa moja, maana hutathubutu kumwambia kwamba bajeti huielewi. Tawi la PMI la Tanzania ni mahali pazuri pa kuanza kumtafuta.

Mjumbe wa usaili, Nairobi
Ukilenga mashirika ya Uingereza, tazama pia PRINCE2, mbinu ya kusimamia miradi yenye vyeti vyake, ambayo ngazi yake ya awali haina sharti la uzoefu. Nikiwa kwenye meza ya usaili, cheti humfikisha mwombaji mlangoni. Baada ya hapo namwomba anieleze mradi uliochelewa, aliyemjulisha kwanza, na alichokibadilisha katika mpango.

Msaidizi wa Mradi, Shinyanga
Nawashukuru sana. Nitaanza na Project DPro, na wiki hii nitamwomba mhandisi mmoja wa maji, asiye bosi wangu, asome daftari langu la vihatarishi vya masika.

Mratibu, Mwanza
Vyema. Liambatanishe na mpango wa ununuzi, kwani bila tarehe za kuagiza mabomba hataweza kukuambia kama masika yatakukuta tayari.