Mbawakawa kwenye kunde: rangi mbili, ni spishi mbili?

Mkulima wa Bahi: Habari wadau. Kunde zina wiki mbili tangu ziote, majani yametobolewa kati ya mishipa. Mdudu ana kama milimita 6, umbo la yai, anang'aa. Wengine rangi ya chungwa, wengine weusi tii. Ukigusa jani anajiangusha. Ni spishi mbili? Na ana undugu na fukusi wa kunde ghalani?

Lenzi10: Mkuu, rangi isikupoteze. Ootheca mutabilis, mbawakawa anayekula majani ya kunde, ni spishi moja, na wapo wa chungwa hadi weusi. Anza na miguu. Chukua lenzi ya mara 10 utazame unyayo: utahesabu pingili nne, kumbe ziko tano. Ya nne ni ndogo mno, imefichwa na ya tatu iliyopasuka kama kwato. Hiyo ni alama nzuri ya familia Chrysomelidae (mbawakawa wa majani), ila familia Cerambycidae nao wanayo, na hao papasi zao (vipapasio vya kichwani) ni ndefu, mara nyingi kupita mwili.

Kisha angalia papasi zinapoanzia. Zikikaribiana katikati ya macho ni nusufamilia Galerucinae, ndimo alimo Ootheca. Zikiachana sana, fikiria Eumolpinae, nusufamilia nyingine. Paja la nyuma likiwa limevimba na mdudu anaruka, huyo ni wa Alticini, kundi la mbawakawa warukaji. Vitabu vya zamani vinalifanya kundi hilo nusufamilia inayojitegemea. Siku hizi linawekwa ndani ya Galerucinae.

Picha ya simu haitoshi. Ootheca bennigseni wa kwenye maharage anafanana naye sana, na uhakika hupatikana kwa kupasua na kutazama kiungo cha uzazi cha dume.

Ghala Salama: Wa ghalani, Callosobruchus maculatus, ni ndugu kweli. Zamani alikuwa na familia yake, Bruchidae. Sasa ni nusufamilia Bruchinae ndani ya Chrysomelidae. Fukusi halisi ana mdomo mrefu uliochongoka, huyu hana.

Lenzi10: Ukitaka sampuli, nenda alfajiri wakiwa wazito, kinga sahani chini ya jani ndipo utikise. Watie kwenye spiriti ya asilimia 70. Majini wanaoza, na fomalini inakaza miguu hadi unyayo haukunjuki. Lebo andika kwa penseli, wino unayeyuka: tarehe, kijiji, mmea.

Wakague mapema, maana wanaeneza virusi vya batobato ya kunde. Mabuu hula mizizi, na wakubwa hujificha udongoni hadi mvua zinaponyesha, kwa hiyo msimu ujao weka mtama hapo na uhamishie kunde mbali.

Mkulima wa Bahi: Nimeelewa. Kesho alfajiri nakusanya wa rangi zote mbili, kila rangi chupa yake.