Ukaguzi wa leseni ya nyumba ya kulea watu wazima, jimbo la Washington: wanaangalia nini?

Swali
Habari zenu. Nyumba ya wakazi 6 jimbo la Washington, Marekani, inasubiri ukaguzi wa kawaida wa DSHS (idara ya huduma za jamii na afya ya jimbo). Makosa gani hujirudia sana?

Jibu
Salama ndugu. Siku hutaambiwa, wanabisha hodi tu. Pima maji ya moto leo, kila bomba wanalofikia wakazi: nyuzi 105 hadi 120 za Farenhaiti. Usiamini alama ya hita, si kipimo cha bombani. Yaache yatiririke dakika 2 au 3, ndipo utumbukize kipimajoto.

Jibu
Zaidi ya yote, dawa. Mkaguzi hulinganisha agizo la daktari, lebo ya chupa na daftari la dawa. Miligramu zikitofautiana, umeandikiwa kosa. Saini papo hapo mkazi anapomeza. Kujaza daftari mwisho wa zamu ndiko kunakoponza wengi, kwani nafasi tupu husomeka kama dozi iliyorukwa. Na za kwenye friji pia zifungiwe, tafadhali, kuna wakazi wenye usahaulifu humo.

Jibu
Zoezi la kutoka nje wakati wa moto ni kila miezi 2, liandikwe. Chakula cha dharura kiwepo cha kutosha saa 72. Maji ya kunywa galoni 3 kwa kila mtu, familia inayoishi humo ikiwemo.

Muulizaji
Asanteni. Nikiandikiwa kosa je?

Jibu
Rudisha mpango wa marekebisho ndani ya siku 10. Taja tarehe na nani atafuatilia, "tutaboresha" haitoshi.