Mrejesho: a.weka(500) imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini a.weka(500), yaani kuweka 500 kwenye akaunti a ya klasi yangu ya Python (lugha ya programu), inagoma, ikidai metodi (kitendo cha klasi) inapokea agumenti (thamani inayopelekwa) 1 ilhali zimepelekwa 2. Aliyeniambia niongeze self (jina la akaunti yenyewe ndani ya metodi) alipatia: Python yenyewe humtanguliza a kama agumenti ya kwanza. Nikaandika def weka(self, kiasi), kosa likaisha palepale.

Ushauri wa kutumia global (kigeu kimoja cha programu nzima) haukunifaa, salio likawa moja kwa akaunti zote. self.salio, yaani kila akaunti na salio lake, ndiyo dawa.

Na orodha miamala = [], iliyokuwa moja kwa klasi nzima, nimeihamishia ndani ya __init__ (metodi inayoandaa kila akaunti mpya) iwe self.miamala. Awali muamala wa a ulionekana hata kwa akaunti nyingine, b, ulinitesa siku mbili!

Kurithi (klasi moja kuchukua sifa za nyingine) bado kunanisumbua, nitauliza kando. Asanteni sana, hasa mliopitia msimbo wangu mstari kwa mstari.