Ushauri: vibanda vya kula vya vichochoroni Dar kwa wageni, Jumamosi hii

Kijana wa Keko
Habari za humu wakuu. Nina wageni wa kutembeza Dar Jumamosi hii. Nataka wale sehemu ambazo watalii hawazifahamu: mama lishe wa kweli, vibanda vya uchochoroni, siyo hotelini. Nimepanga tuanze saa 11 jioni, sehemu sita, kutoka Feri kwenye soko la samaki hadi Kariakoo. Nitajieni penye chakula safi, siku zimeniishia na usingizi sipati.

Sufuria Kubwa
Saa 11 jioni utamkuta mama lishe gani? Anawasha moto alfajiri, anapakua kuanzia saa 6 mchana, saa 9 anasugua masufuria. Wali utakaoukuta kwake magharibi ni wa mchana uliopashwa. Jioni ni zamu ya chipsi, mishkaki na pweza. Halafu ni Jumamosi: Posta wengi hawapiki, wateja wao ni watu wa maofisini. Nenda eneo la Gerezani kwenye magereji, mafundi wanakula Jumamosi kama Jumatatu.

Majina ya vibanda hayatakusaidia, vinahama. Jua kuchagua. Tazama nani amekaa kwenye benchi: ukiona mafundi wenye oili mikononi pamoja na wenye maduka ya mtaa uleule, hao wanakula pale kila siku, na mpishi akiwalisha kiporo leo kesho hawaji. Tazama maji ya kunawa, yanamiminwa kwa jagi au wote wanachovya beseni moja? Tazama wali ukifunuliwa: uliopaliwa vizuri una mkaa juu ya mfuniko, mvuke unatoka mzito na punje za juu zimekauka bila kuungua. Usiulize menyu. Uliza "leo kuna nini?" Akitaja vitatu au vinne, kaa. Akitaja kumi na tano, vingine ni vya jana.

Mzee wa Supu
Mimi ningeanza na supu. Makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, huchemka usiku kucha, kwa hiyo yaliwe kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Baada ya hapo sufuria inaongezwa maji na chumvi, mafuta yanaelea peke yake na supu inakuwa nyepesi. Iliyo sawa ukiiacha ipoe kidogo inanata kwenye vidole. Chapati, ndimu, pilipili pembeni.

Kijana wa Keko
Asante wakuu, ila asubuhi haiwezekani, ratiba nimeshawatumia. Nitajieni sehemu tu.

Dada wa Ilala
Kaka, wageni wangapi? Wametoka wapi? Yupo asiyekula kitu fulani?

Kijana wa Keko
Watano au sita hivi. Wageni wa kawaida, wanakula kila kitu.

Dada wa Ilala
"Watano au sita" siyo jibu la mtu aliyeshatuma ratiba. Na asiyekula kitu?

Kijana wa Keko
Sawa, niseme. Ni sita, wanatoka Ulaya, na wameshanilipa nusu. Mmoja aliandika kwamba karanga zinamvimbisha midomo na koo. Sikuona haja ya kulileta humu kwa sababu jibu ninalo: nitamwambia asiguse kisamvu, basi. Mengine yote atakula.

Sufuria Kubwa
Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza.

Kisamvu ni kimoja tu. Mchicha, matembele na mlenda navyo huungwa kwa karanga, inategemea siku hiyo nazi ilikuwa bei gani. Ukiuliza "mna karanga?" mpishi anaweza kudhani unataka kununua. Uliza "mboga hii mmeiunga na nini?" Hata akijibu nazi, tazama mwiko. Kibanda kina mwiko mmoja au miwili, unatoka kwenye kisamvu unaingia kwenye maharage, na sahani zote zinaoshwa kwenye maji yaleyale. Kupika hakuondoi kinachomdhuru. Karanga iliyokaangwa ni karanga vilevile. Na hata ukimlinda mezani, muuza kahawa atapita na birika lake na kashata za karanga, atamwekea moja kiganjani kabla hujafungua mdomo.

Mvuvi wa Kivukoni
Kuhusu Feri. Pale unanunua samaki mnadani au kwa wachuuzi, unawapelekea wakaangaji wa hapohapo, unalipia kukaangiwa. Nenda asubuhi. Macho ya samaki yawe yamejaa, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jioni chukua changu au pweza. Jodari, kibua na nguru waliokaa juani bila barafu waache kabisa. Samaki wa aina hiyo wakikosa baridi hutengeneza histamini, na moto wa kukaangia hauiondoi. Mlaji anawiva uso, anawashwa, kichwa kinagonga, ulimi unachomachoma kama kapewa pilipili. Kwa mgeni mwenye mzio utashindwa kujua ni karanga au ni kibua, na huo muda wa kubishana hamna.

Jicho Pevu
Wakuu, hii chai, hadithi ya kutunga. Wageni walikuwa "watano au sita", mara sita kamili. Walikuwa wanakula kila kitu, mara mmoja anavimba koo. Mtu aliyelipwa na watu sita hajui pa kuwapeleka? Anatafuta orodha ya bure ili aiuze.

Fundi Gerezani
Hata mimi nimehisi. Atuwekee hiyo ratiba tuione.

Mama Swaum
Chai au siyo chai, kuchukua pesa ya mtu kabla hujajua utamlisha nini ni makosa. Mwanangu, umekula hela kabla hujaonja chakula.

Kijana wa Keko
Siyo chai. Ratiba siwezi kuweka, ina majina ya watu. Nilificha kwa sababu nilijua mtaniambia niahirishe, na nauli ya boti ya kuvusha wawili kutoka Zanzibar nimeshailipa.

Dada wa Ilala
Chai tuiache, mwenye koo anaweza kuwa mtu kweli. Kaka, muulize leo hii kama ana sindano ya adrenalini ya dharura ya mzio, na muda wake unaisha lini.

Kwa hao wengine, punguza sehemu ziwe tatu. Sahani ya mama lishe ni mlo kamili, kilo moja ya mchele inatoa sahani tano au sita tu, kwa hiyo watu sita waagize sahani mbili na kugawana. Fika saa 5 na nusu, chakula kinapoepuliwa. Ukifika saa 7 na watu sita umewanyima benchi mafundi wenye nusu saa ya kula. Ijumaa pita umwambie mpishi idadi, umwachie kishika nafasi. Feri asubuhi, Gerezani mchana; mabasi ya mwendokasi yana vituo sehemu zote mbili, usiwatembeze juani.

Kijana wa Keko
Nimemuuliza. Anayo moja. Iliisha muda mwezi wa tatu.

Sufuria Kubwa
Basi huyo vibandani haendi. Mrudishie pesa yake.

Kijana wa Keko
Nimemrudishia yote, jioni hii. Nimewaandikia watano waliobaki kwamba tunaanza saa 2 asubuhi Feri. Kesho nakwenda Gerezani kuzungumza na mpishi. Fundi, upande upi wa magereji wanapalia wali kwa mkaa?

Fundi Gerezani
Ukishuka mwendokasi nipigie honi humu. Nakuja kukuonyesha.