Mafundi, acheni kupiga stata magari yaliyolala! Peugeot 404 yangu imeuawa kwa ajili ya video

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo.

Nina Peugeot 404, sedani, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1618. Ilikaa bandani miaka mingi bila kuguswa. Haikuegeshwa kwa ubovu. Mwenyewe wa wakati huo aliacha kuendesha, ikabaki pale ikiwa nzima. Nilipoamua kuifufua nilitafuta fundi mwenye sifa ya magari ya zamani, nikampa maagizo kwa maandishi: usiiwashe. Mwaga petroli yote iliyomo, osha tanki, fungua kabureta, weka oili kwenye silinda, zungusha injini kwa mkono, kisha nipigie simu. Akasoma, akaitikia, akatia karatasi mfukoni.

Kesho yake nikatumiwa video. Betri mpya juu ya bampa, vijana wamezunguka boneti, moshi mweupe umejaa gereji, injini inaunguruma na watu wanashangilia. Chini kaandika: "Mkuu, mnyama kaamka!"

Nilipiga simu palepale kumwambia azime. Hakupokea. Alikuwa anairusha video hiyo kwenye magrupu.

Sasa naomba niwaeleze alichokifanya, kwa sababu nimeshaanza kusikia maneno ya "gari lenyewe lilikuwa limeoza" na hayo maneno siyakubali hata kidogo.

Petroli ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, hutoroka hewani kwanza. Zinazobaki huungana na oksijeni na kugeuka utomvu. Miezi kadhaa inatosha kuanza kuiharibu, sembuse miaka. Ukifungua tanki la gari lililolala hivyo unakutana na harufu ya vanishi, na harufu hiyo peke yake ilitosha kumzuia fundi anayejua kazi. Huyu akaongeza petroli mpya juu ya ile ya zamani "ili ichanganyike". Injini ikawaka, ndiyo. Ila muda wote iliponguruma kwenye ile video ilikuwa inavuta utomvu na kuupaka kwenye shina za valvu za kuingizia.

Injini ikiwa ya moto, utomvu ni laini na valvu zinapanda na kushuka vizuri. Ikizimwa ikapoa, utomvu unaganda, valvu inanaswa ndani ya mrija unaoiongoza. Asubuhi iliyofuata wakapiga stata tena, eti kuna mteja alitaka kuisikia. Kamshafti (mhimili unaofungua valvu) inasukuma, pushirodi (kijiti cha chuma kinachopeleka msukumo huo juu) inasukuma, valvu haisogei. Hapo lazima kitu kipinde. Pushirodi zikapinda, na valvu moja iliyonasa ikiwa wazi ikagongwa na pistoni. Kelele ile waliisikia wote, na bado waliendelea kubonyeza stata "labda itakaa sawa".

Mpini wa kuzungushia injini ulikuwa kwenye buti, jamani. 404 ina tundu lake mbele kwa ajili ya mpini huo. Ukizungusha taratibu kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa, unahisi kila kitu: ringi iliyoshikana na ukuta wa silinda, valvu inayogoma, maji yaliyoingia ndani. Mkono ukikutana na ugumu unasimama. Stata haisimami, yenyewe inavunja.

Na kuna jambo la injini hii ambalo fundi mwenye sifa ya magari ya zamani alipaswa kulijua. Imelala upande kwa nyuzi 45, ndivyo Peugeot walivyoijenga ili boneti ishuke chini. Maana yake oili unayotia kupitia matundu ya plagi inatiririka na kukaa upande mmoja wa silinda. Upande wa juu unabaki mkavu. Kwa hiyo unapulizia pande zote, unaacha, unarudia, unaacha tena siku kadhaa, ndipo ushike mpini. Yeye alinijibu kwamba oili aliweka. Aliweka wapi, lini, sijui, kwa sababu kwenye video plagi hazijatoka na vumbi lake bado liko pale pale.

Kama wangeishia hapo ningepasuka moyo lakini kazi ingekuwa ya silinda hedi tu, yaani kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu. Hawakuishia hapo. Bila kuniuliza wakaifungua hedi, halafu hedi ikiwa mezani wakaendelea kuzungusha krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ili "waone pistoni". Injini ya 404 haina silinda zilizochongwa kwenye bloku. Ina laina (mirija ya silinda) zinazochomolewa, zimesimama ndani ya maji, na kinachozibana chini zisivujishe ni mbano wa hedi iliyokazwa juu yake. Ukitoa hedi lazima ubane laina kwa vyuma na bolti kabla hujagusa krankshafti, la sivyo pistoni inaponyanyuka inanyanyua na laina, na gaskiti nyembamba iliyo chini inaachia. Wakarudisha hedi, wakajaza maji, wakaenda zao. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yote yalikuwa samponi (karai la oili chini ya injini), juu ya beringi za krankshafti ambazo zilikuwa hazina tatizo lolote.

Sampo nilifungua mwenyewe. Kwenye chujio la pampu ya oili nilikuta vipande vya gundi ya silikoni. Silikoni! Waliipaka kila mahali palipokuwa na gaskiti, na iliyozidi ikabanwa ikaingia ndani, ikakatika, ikaenda kuziba mahali injini inapovutia oili.

Nikaambiwa pia, kwa fahari kabisa, kwamba wamenibadilishia oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) "bure". Difu ya 404 si ya gia za kawaida. Ina skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, na oili za kawaida za difu zenye viungo vya salfa vya kuhimili shinikizo kubwa zinaweza kuila bronzi. Nimeimwaga yote. Naomba tu hakuna aliyeliendesha sana gari kabla sijafika, ingawa video ya pili inalionyesha likizunguka uani, mtoto amekaa kiti cha mbele.

Hiyo video ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi, kuliko hata injini. Breki hazikuguswa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155, na maji hayohayo yanatafuna kuta za masta silinda na silinda za magurudumu. Mipira ya breki ya umri huo kwa nje inaonekana mizima huku ndani imevimba au imechanika. Na gari hili lina njia moja tu ya mafuta ya breki: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana kitu. Matairi nayo ni yaleyale ya zamani, yana namba ya tarakimu tatu, maana yake yalitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Mtu anaona haya yote, anampandisha mtoto, anashika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Huo si ufundi, ni kuchezea maisha ya watu.

Kabureta asili haipo. Anasema ilikuwa "chuma chakavu" na amenifungia nyingine iliyokuwa gereji. Kabureta iliyoziba utomvu haijafa! Unaifungua, unaloweka, unapitisha hewa kwenye jeti zote, unabadilisha gaskiti na sindano ya boya, inarudi kazini. Nani alimpa ruhusa ya kutupa kitu cha watu? Spea iliyotolewa kwenye gari langu ni yangu hata kama imevunjika vipande kumi.

Nilipombana akaja na utetezi kwamba injini imekufa kwa sababu "petroli za siku hizi hazina risasi, magari haya yalizoea risasi". Nimeshasikia uongo huu kwa mafundi wengi, kwa hiyo tuumalize. Ni kweli risasi, yaani madini ya ledi, ilitiwa kwenye petroli ya magari tangu miaka ya 1920 na imeondolewa kila mahali; nchi ya mwisho kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, Julai 2021. Ni kweli pia baadhi ya injini za zamani, hasa zenye viti vya valvu vilivyochongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma cha kutupwa, huliwa viti hivyo polepole bila risasi. Polepole! Kwa maelfu ya kilometa, tena kwenye mwendo mkali. Hedi ya 404 ni ya aluminiamu, viti vyake ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Ukosefu wa risasi haupindishi pushirodi usiku mmoja, wala haunyanyui laina.

Na wale wanaosema ni gari bovu tu la kizamani: muundo wa Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, sedani yake ilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1960 hadi 1975, limeshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, kwenye matope na mawe yaliyovunja magari ya kila aina. Gari hilo halikufa kwa uzee. Lilivumilia miaka yote ya banda, likaja kuuawa na watu waliokuwa na haraka ya kusikia mlio.

Hasira yangu nyingine ni kwenu nyie mnaoshangilia. Kila wiki naona mtu anauliza jinsi ya kufufua gari lililolala, na majibu kumi ya kwanza ni "weka betri, mimina petroli mdomoni mwa kabureta, piga stata, likigoma livuteni kwa kamba". Hakuna anayeuliza tanki lina nini. Panya wanajenga kwenye mfumo wa hewa na kutafuna nyaya, pointi za distribyuta zinashika kutu, wota pampu inagoma, oili yote imeshuka samponi na beringi ziko kavu. Stata hugusi mpaka umeyamaliza hayo, na ukiigusa mara ya kwanza plagi ziwe nje mpaka uione oili imepanda juu kwenye rokaamu (mikono inayobonyeza valvu). Ni kazi ya wiki kadhaa, inachosha, haina cha kurekodi. Lakini mtu akishasikia mlio tu anaona kazi imekwisha, anadai hela yake.

Huyu fundi anadai hela yake mpaka leo. Sitalipa. Nataka kabureta yangu, nataka pushirodi zilizopinda, na nataka zile video zishushwe, kwa sababu chini yake watu wanamwomba namba.

Kwa sasa laina zote nne ziko nje na bloku nimeshaisafisha. Natafuta gaskiti za chini za laina, pushirodi na valvu za kuingizia za injini ya 1618, ziwe za asili au zilizopimwa vizuri. Mwenye nazo, au aliyewahi kupima mwenyewe urefu wa laina juu ya bloku kwenye injini hii, aniandikie hapa chini. Wenye ushauri wa kuitupa injini na kuweka ya kisasa, naomba mpite.