Fundi AC wa Dar: nihamie Dodoma au Mwanza?

FundiBaridi: Wakuu, salaam. Natengeneza AC na friji, wateja wangu wengi wako Tegeta mpaka Bunju. Riziki ipo, ila foleni imenichosha. Nikiitwa Mbagala, hata kama ni kujaza gesi tu, siku imeisha. Jamaa mmoja ananivuta Dodoma, anasema ofisi zote za serikali ziko huko. Shemeji yuko Mwanza, naye anasema hela iko ziwani. Mke wangu ana mgahawa mdogo unaotulipia kodi ya nyumba, na mtoto mkubwa yuko darasa la saba. Mlioko huko nipeni ukweli, siyo matangazo.

Mama wa Ilazo: Karibu Dodoma, kaka. Tulihamia na wizara, tumeshazoea. Mji umepangika na barabara zinapitika. Lakini nyumbani nani ataweka AC? Juni na Julai usiku tunalala na blanketi zito, hewa kavu hadi midomo inapasuka. Feni yenyewe tunaiwasha kwa msimu. Maji ni ya mgao mitaa mingi, kwa hiyo simtanki nunua kabla ya kabati. Halafu kuna vumbi. Unafuta meza asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake.

Koili: Mimi ni fundi mwenzako, niko Dodoma. Dada hapo juu kasema kweli, kazi iko maofisini. Sasa ofisi ya umma haikupigii simu kama mteja wa Tegeta. Uwe na kampuni, TIN, leseni, ujisajili NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, uombe zabuni. Ukipata, unanunua vifaa kwa hela yako halafu unasubiri. Kuna malipo niliyafuatilia tangu kiangazi, yakaingia watu wameshapanda mtama. Kama huna mtaji, utafanya kazi chini ya mkandarasi, na atakupa anachotaka yeye.

Kazi yenyewe pia ni tofauti. Huko Dar chumvi ya bahari inakula koili ya mashine ya nje, AC ya Kunduchi inakufa mapema, na hiyo ndiyo riziki yako. Huku ni vumbi: fungua, osha, rudisha. Kuosha hakulipi kama kubadilisha kompresa.

Mnyegezi: Mnabishania vyumba vya mabosi! Fundi wa baridi mahali pake ni Mwanza. Sangara anachakatwa viwandani, minofu inasafirishwa nje ya nchi, na safari nzima inataka barafu, vyumba vya baridi na magari ya friji. Samaki hasubiri zabuni. Chumba cha baridi kikigoma saa nane usiku unaamshwa saa hiyohiyo, na asubuhi unadai chako wala hakuna anayebisha. Tena tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Kazi za Sengerema na Geita nilizokuwa nazikwepa kwa sababu ya kivuko, sasa nazifuata.

Ubaya nao upo. Nyumba za bei nafuu ziko milimani, kwenye mawe, mtungi unaupandisha begani. Maji ya bomba hukatika huku ziwa unaliona. Vipuri vingi unaagiza Kariakoo unangoja basi. Na sangara akiadimika, kiwanda kinapunguza zamu, simu inanyamaza.

Mzee Kigogo: Mnamshauri fundi, mkewe mmemsahau. Koleo na geji vinapakiwa kwenye lori, wateja wa mgahawa hawapakiki. Kodi mnalipa kwa mgahawa halafu mnataka kuufunga? Na mtoto wa darasa la saba asiguswe mpaka amalize mtihani wa Septemba. Ushauri wangu: familia ibaki. Dodoma siku hizi kuna treni ya SGR tangu 2024, tiketi ya daraja la kawaida ilianza kwa 31,000, safari ni kama saa nne tu. Nenda ukafanye kazi za mkandarasi, ukusanye, urudi. Mwanza huwezi kufanya hivyo, reli mpya haijafika.

Mama wa Ilazo: Mzee wangu, shikamoo. Kwenda na kurudi ni nyumba mbili, kodi mbili, na wenye nyumba wa huku wanataka ya miezi sita kwa mpigo, dalali naye anangoja wa kwake. Halafu mgahawa usiuhesabu umekufa haraka hivyo. Huku Mtumba, kwenye mji wa serikali, kumejaa watumishi wanaotafuta chakula cha mchana. Mpishi wa Pwani anayejua wali wa nazi hakosi foleni.

Koili: Foleni anayo Dar tayari 😂

FundiBaridi: Nimewasoma wote. Mzee, hoja ya mtoto imeniingia, kabla ya Septemba sihami. @Mnyegezi, hiyo mitambo ya viwandani inayopooza kwa gesi ya amonia sijawahi kuigusa, mimi ni friji za nyumbani na AC za kawaida. Kiwandani watanipokea?

Mnyegezi: Kama msaidizi, ndiyo. Lakini amonia ikivuja siyo mchezo, fundi mkuu hakuachii hata valvu mpaka akuamini. Kwa kuanzia kuna mabucha na maduka ya vinywaji, hayo friji zake unazijua. Njoo likizo ya Juni, ulale kwa shemeji, tuzunguke wote Kirumba na Igoma ujionee.

FundiBaridi: Sawa, Juni nakuja. Mke wangu naye anasoma huu uzi begani kwangu. Anauliza, Dodoma nazi moja bei gani?

Mama wa Ilazo: Mwambie aje na gunia.