Naomba ushauri: maji ya bombani ni salama, mbona meno ya watoto ni ya kahawia?

Mwanafunzi_Moshi:
Habari za jioni wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Moshi, na utafiti wangu unahusu floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi hutia meno ya watoto madoa, katika vijiji vya Arumeru, chini ya Mlima Meru. Katika majaribio ya awali nilipima maji ya nyumba chache za Maji ya Chai, nikakuta bomba la nyumba moja liko chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, binti wa nyumba hiyo, aliye darasa la saba na huziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, ana meno ya mbele yenye mabaka ya kahawia na vishimo. Je, nimekosea kupima, au nibadilishe mada?

Mama_Maabara:
Mada iache, mwanangu, badilisha swali. Tabaka gumu la nje la jino huundwa ndani ya taya, muda mrefu kabla jino halijaota. Kwa meno ya mbele ya kudumu, kazi hiyo huisha mtoto akiwa na miaka 4 au 5, na seli zilizoifanya hufa, kwa hiyo doa la wakati ule halifutwi na maji mazuri ya leo. Wewe umepima maji ya mwaka huu ukayalinganisha na jino lililoumbwa binti akijifunza kutembea. Ukitaka kujua anachokunywa sasa, pima mkojo. Lakini usitumie hesabu za mtu mzima, kwani mifupa ya mtoto anayekua hubakiza floraidi nyingi zaidi.

Kijana_wa_Usa:
Na magadi, ndugu! Kwa bibi yangu makande hayakuiva bila kipande cha magadi, na magadi nayo huwa na floraidi, mengine kwa wingi. Dodoso linalouliza maji peke yake litakudanganya.

Mwanafunzi_Moshi:
Shikamoo mama, nashukuru. Nimempigia mama wa binti: bomba liliingia akiwa chekechea, na kabla ya hapo walichota kisimani. Wazazi wasiokumbuka mwaka niwafanyeje?

Mama_Maabara:
Marahaba. Mwaka usiuulize, uliza mtoto alikuwa darasa la ngapi, au kama mdogo wake alikuwa ameshazaliwa. Huyo binti ana mdogo wake?

Mwanafunzi_Moshi:
Anaye, yuko darasa la pili, amezaliwa baada ya bomba. Kesho narudi Maji ya Chai kumtazama meno.